"Write off": Je, Deni Limesamehewa au Limefutwa Vitabuni Tu?

Leo tungependa kueleza maneno mawili madogo ya Kiingereza ambayo yamekuwa yakiingia katika mikutano yetu ya vikundi bila kubisha hodi. Maneno yenyewe ni "write off". Utayasikia kwa afisa wa mikopo, utayaona kwenye barua ya benki au ya Sacco, na utayasikia hata pale gereji. Kila mmoja anatikisa kichwa kana kwamba ameelewa. Lakini ukiuliza maana yake, huyu atakwambia ni kufuta, yule atakwambia ni kusamehe, na mwingine atasema ni hasara. Wote hawajakosea sana, na hapo ndipo taabu inapoanzia.

Tuanze na kisa tulichokutana nacho wenyewe. Kuna kikundi kimoja cha kina mama upande wa Moiben, wako kumi na watano. Jina lao hatutalitaja, wala la wale waliowakopesha. Walichukua mkopo wakanunua mashini ya posho, na kwa mwaka mzima mambo yalienda vizuri. Halafu mashini ikaharibika, fundi akaja mara tatu, pesa za kulipa mkopo zikaenda kwa fundi, mwishowe wakaacha kulipa kabisa. Deni lilikuwa limebaki shilingi 64,000.

Ukapita mwaka na zaidi. Siku moja ikaja barua ya Kiingereza. Karani wao, msichana aliyemaliza kidato cha nne, akaisoma mbele ya mkutano. Ilisema kwamba akaunti ya kikundi ilikuwa "written off". Mama mmoja akamwuliza, "Sasa hiyo ni kusema nini, msichana wangu?" Naye akajibu, "Ni kusema deni limefutwa, mama." Walipiga vigelegele. Mwenyekiti alitoa sala ya shukrani, soda zikaletwa, na Krismasi ilipokaribia wakaamua kwamba kwa vile hawadaiwi tena, akiba iliyobaki ndani ya sanduku igawanywe. Kila mama alienda nyumbani na shilingi 3,000. Hiyo ni shilingi 45,000 zilizotoka siku moja.

Mwezi wa nane uliofuata simu zikaanza kulia. Alikuwa mtu wa kampuni ya kukusanya madeni. Alimpigia mwenyekiti, akampigia mweka hazina, akapigia na wadhamini. Mdhamini mmoja alikuwa kijana aliyetaka kununua pikipiki ya boda boda kwa mkopo. Huko alikoenda kuomba aliambiwa jina lake limo kwenye rekodi ya watu wasiolipa, ile tunayoiita CRB, kwa sababu ya deni la mashini ya posho ya mama yake. Kina mama walikuja ofisini kwetu na ile barua imekunjwa ndani ya leso. "Si walisema wamefuta?" ndilo swali walilotuuliza.

Walisema kweli. Walifuta. Lakini walifuta wapi?

Maneno haya yametoka kwenye vitabu vya hesabu. Zamani, karani wa duka au wa benki aliandika katika leja kila pesa iliyotoka na kila pesa iliyotarajiwa kurudi. Akiona kwamba pesa fulani hairudi, aliandika mstari wa kuitoa katika jumla ya mali ya duka. Ndiyo "write off": kuitoa kwa kuiandika. Kitendo hiki ni cha mwenye kitabu na kitabu chake. Mdaiwa hayupo hapo. Hata akiambiwa, anaambiwa habari ya kitabu cha mwingine.

Hebu chukua mfano wa ghala la mahindi, maana hiyo sisi watu wa Uasin Gishu twaielewa bila kufundishwa. Daftari yako inasema una magunia 40. Lakini katika hayo, magunia 6 ulimkopesha jirani msimu wa juzi na hajarudisha hata gorogoro moja. Ukiendelea kuhesabu 40 unajidanganya. Ukimwahidi mnunuzi magunia 40, lori litakuja na utaaibika. Kwa hiyo unachukua kalamu, unakata 40, unaandika 34. Je, umemsamehe jirani? La. Hata hajui kama umeandika. Akivuna vizuri mwaka huu, utaenda kwake asubuhi na mapema na punda wako. Umefuta ndani ya daftari, bali deni lenyewe lingali hai.

Na hivyo ndivyo wafanyavyo wenye benki na Sacco, tena hawafanyi kwa kupenda. Benki Kuu ya Kenya inataka vitabu vya benki vioneshe ukweli. Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa unahesabiwa kuwa mkopo mbovu, na ukipitisha siku 360 unawekwa katika fungu la hasara. Kwa Sacco zile zinazosimamiwa na mamlaka ya SASRA, mkopo uliopitisha siku 360 lazima utengewe akiba ya hasara inayolingana na deni lote, asilimia 100. Baada ya hapo kuufuta vitabuni ni jambo la kawaida. Mwenye kukopesha amekubali kwamba amepata hasara, lakini hakusema kwamba wewe umepona. Mara nyingi huo ndio wakati anampa kazi mkusanyaji wa madeni, ambaye analipwa fungu la kile atakachokurudishia.

Sasa, Kiswahili chetu ndicho kilichowaponza wale kina mama, ingawa hakina kosa. Sisi tukisema "deni limefutwa" tunamaanisha limekwisha, kama ubao uliofutwa na mwalimu. Magazeti na redio pia husema hivyo. Serikali ikitangaza kwamba inafuta madeni ya viwanda vya sukari, kama ilivyotangaza mwaka 2023, mtu anaelewa kwamba viwanda havidaiwi tena. Kwa hivyo msichana wetu alitafsiri sawasawa, neno kwa neno, na bado akakosea maana. Tungependa makarani wa vikundi wazoee kusema "limefutwa vitabuni" au "limeandikwa hasara", halafu waulize: je, limesamehewa?

Kwa maana kusamehe deni kuna maneno yake mengine kwa Kiingereza, na ni vizuri kuyajua ukiyaona kwenye barua. "Forgive" ni kusamehe, hapo hakuna shida. "Cancel" ni kufutilia mbali, yaani mkataba wa deni umevunjwa. "Waive" ni kuachilia, mwenye haki ameacha haki yake, lakini angalia sana ameachilia nini: mara nyingi barua inasema wameachilia riba au faini tu, na deni lenyewe limebaki pale pale. "Reschedule" si msamaha hata kidogo, ni kupanga upya siku za kulipa. "Write down" ni ndugu yake "write off", maana yake ni kupunguza thamani iliyo kitabuni bila kuifuta yote. Na kuna "pay off", ambayo watu huichanganya na hii yetu kwa sababu ya ule mkia wa "off". "Pay off" ni kumaliza kulipa. Huyo ndiye mtu aliyelala usingizi mzuri.

(Tukumbushane pia kwamba katika Biblia ya Union Version, ile sala aliyofundisha Bwana katika Mathayo inataja deni na wadeni, hali wengi wetu tunapoisali tunasema makosa. Waliotafsiri waliona kusamehe na deni ni maneno ya nyumba moja. Sijui kama maafisa wa mikopo huwa wanaifikiria wakiisali.)

Mfano mzuri wa deni lililosamehewa nusu tuliuona nchini mwetu. Mwezi wa Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango wa kuwasaidia watu waliokuwa wamekwama na mikopo midogo ya simu kutoka kwa benki, ile ya siku 30 au chini. Walikuwa watu kama milioni 4.2. Benki zilitakiwa kupunguza deni kwa angalau asilimia 50, na mdaiwa alipe iliyobaki kufikia mwisho wa Mei 2023. Hapo mkopaji aliambiwa waziwazi: hii nusu tumekuachia, hii nyingine ulipe. Ule mpango ulikwisha siku zake, lakini unaonyesha tofauti. Msamaha humtaja mdaiwa na hutaja kiasi, pia huwa na sharti. Kufuta vitabuni hakuna haja ya kukwambia kitu.

Hata nchi huwa hivyo. Kuanzia mwaka 1996 Benki ya Dunia na IMF zilianzisha mpango wa kuzipunguzia madeni nchi maskini zilizolemewa, na makanisa ya nchi nyingi yalipiga kelele sana kuelekea mwaka 2000 yakitaka madeni yasamehewe, yakikumbusha ule mwaka wa yubile wa Mambo ya Walawi. Uganda ilikuwa ya kwanza kufaidika, mwaka 1998. Tanzania ikamaliza masharti yake mwaka 2001. Kongo ilingoja mpaka 2010, na Somalia mpaka Desemba 2023. Sisi Kenya hatukusamehewa chini ya mpango huo, kwa sababu hesabu ilionyesha kwamba deni letu la wakati ule lilikuwa la kubebeka. Waliosamehewa walipewa masharti, kwa mfano Uganda ilianzisha mfuko wa pekee ili pesa zisizolipwa tena nje ziende shuleni, kwenye maji, zahanati na barabara za vijijini. Ule ulikuwa msamaha wa kweli, wenye karatasi na sahihi za pande zote mbili.

Kabla hatujarudi kwa vikundi, tuseme kidogo juu ya maana nyingine, maana mtu anaweza kusikia neno hili barabarani akachanganyikiwa. Gari ikigongwa vibaya pale Timboroa, fundi ataiangalia na kusema, "Hii ni write-off." Maana yake ni kwamba kuitengeneza kutakula pesa nyingi kuliko faida yake, kwa hiyo kampuni ya bima inamlipa mwenye gari thamani ya gari badala ya kulipa gereji, na mabaki yanauzwa. Wenye biashara nao hulitumia wakizungumza kodi: deni ambalo kweli halilipiki wanaweza kulitoa kwenye faida yao kabla ya kuhesabu kodi, mradi wafuate masharti ya KRA.

Halafu kuna kumwandika mtu, yaani kumkatia tamaa na kumtoa kwenye hesabu. Hapa kwetu tuna mfano ambao hauhitaji kuelezwa sana. Mwaka 2012 Eliud Kipchoge, aliyeshinda ubingwa wa dunia wa mita 5,000 kule Paris 2003, alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Wako waliosema amekwisha. Mwaka uliofuata akashinda marathoni yake ya kwanza kule Hamburg, kisha dhahabu ya Olimpiki 2016 na tena 2021, na Oktoba 2019 kule Vienna akakimbia kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mazoezi yake ni hapa Kaptagat. Kiwanda chetu cha Rivatex nacho watu walikuwa wamekiandika hasara kilipofungwa na wafanyakazi wakarudi nyumbani mikono mitupu. Chuo Kikuu cha Moi kikakinunua mwaka 2007, na mwaka 2019 kikafunguliwa rasmi baada ya kuwekewa mashini mpya. Unaona basi, kilichofutwa vitabuni kinaweza kurudi. Kwa mkimbiaji hiyo ni habari njema, lakini kwa mwenye deni si njema.

Basi mkipata barua kama hiyo mfanyeje? Kwanza msigawe chochote. Wapelekeni watu wawili, si mmoja, kwa yule aliyewakopesha, wakaulize kwa maneno rahisi: tunadaiwa bado au hatudaiwi? Jibu la mdomo msilikubali. Kama ni msamaha, mpewe barua inayosema kwamba kikundi hakidaiwi tena, pamoja na wadhamini, na kama kuna dhamana kama hati ya shamba au kitabu cha gari, irudishwe siku hiyo hiyo. Kama si msamaha, basi ulizeni kama wanaweza kupunguza. Wakati huu huwa ni mzuri wa kuongea, kwa sababu yule mwenye pesa amekwisha kubali moyoni kwamba amepoteza, na chochote atakachopata ni cha kuokota. Tumeona watu wakiachiwa faini zote kwa kulipa deni la msingi. Mkikubaliana, iandikwe kabla ya kutoa shilingi.

Kuna mambo mawili ya sheria yanayofaa kujulikana. La kwanza, Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, inaiwekea benki kikomo. Mkopo ukishakuwa mbovu, riba ambayo benki inaweza kudai kuanzia hapo haiwezi kupita lile deni la msingi lililokuwepo siku hiyo. Kama deni la msingi lilikuwa 64,000, riba haiwezi kupita 64,000 nyingine, ingawa gharama za kudai zaweza kuongezwa. Kwa hiyo ukiambiwa deni la 64,000 limefika laki tatu, uliza hesabu. La pili, deni la mkataba wa kawaida haliwezi kupelekwa kortini baada ya miaka sita tangu siku lilipopaswa kulipwa. Lakini ukilipa hata kidogo, au ukiandika barua ya kukubali kwamba unadaiwa, ile miaka inaanza kuhesabiwa upya. Hatusemi haya ili mtu akimbie deni, maana dawa ya deni ni kulipa. Tunasema ili mtu asitishwe.

Tugeuze upande wa pili sasa. Vikundi vyetu vyenyewe ni wakopeshaji, na vina madeni mabovu ambayo hakuna anayetaka kuyataja. Tumekagua madaftari ambayo bado yanahesabu mkopo wa mtu aliyehamia Kitale miaka minne iliyopita, na riba yake inaongezwa kila mwezi kwa kalamu nyekundu! Hiyo ni mali ya karatasi. Siku ya kugawana itakosekana na watu watapigana.

Tuseme kikundi kina wanachama 20, kila mmoja ameweka 6,000, jumla 120,000. Mmoja wa zamani aliondoka na 12,000 na hapatikani. Kama kikundi kina mfuko wa faini na riba, hasara itoke huko. Kama hakuna, kila mwanachama anapoteza 600 na akiba yake inakuwa 5,400. Inauma, lakini angalau sasa kila mtu anajua alicho nacho. Siku yule mtu akirudi na pesa, ziingizwe kitabuni kama mapato ya kikundi chote, na risiti iandikwe.

Hapa twawaonya wazi: kufuta deni kusiwe kazi ya mweka hazina peke yake. Mwizi wa ndani hufanya hivi: anapokea pesa ya mwanachama bila risiti, anaitia mfukoni, halafu mwisho wa mwaka anaandika kwamba huyo mwanachama ameshindwa kulipa na deni lifutwe. Mkutano wote ukubali, jina na kiasi visomwe kwa sauti, na watu wawili wasiokuwa maafisa waende kumwuliza mwenye deni mwenyewe, au jamaa yake, kama kweli hajalipa.

Na minitsi ziseme ni kipi mlichofanya. Mwanachama akifariki na kuacha mjane au mgane na watoto wadogo, vikundi vingi husamehe, na ni haki yao. Basi iandikwe "tumesamehe", na mtu asije akawasumbua watoto baadaye. Aliyehama akijificha, iandikwe "tumefuta vitabuni, tunaendelea kudai".

Wale kina mama wa Moiben walirudi kwa mkopeshaji wao, mwenyekiti na mama mmoja mkali wa maneno. Walikubaliana kulipa zile 64,000 bila faini, kwa miezi kumi na sita, shilingi 4,000 kila mwezi. Ilibidi kila mmoja arudishe zile 3,000 za Krismasi kwanza, na kulikuwa na maneno mengi siku hiyo. Mashini ilitengenezwa na sasa inasaga. Kijana wa boda boda bado anangojea jina lake litolewe kwenye rekodi. Na ile barua ya kwanza karani ameibandika ndani ya jalada la daftari, na chini yake ameandika kwa penseli: "Uliza kwanza."